Kufufua Chevelle ya 1968 hadi 1972: mwongozo kamili, kutoka bati lililooza hadi injini kuwaka

Ukitaka kujua Chevelle ya zamani, gari la Kimarekani la kampuni ya Chevrolet, itakugharimu kiasi gani, usianze kwa kufungua boneti. Zunguka nyuma ya gari, tafuta kona ya chini ya kioo cha nyuma, pale ambapo urembo wa chuma cha pua unakutana na bati, kisha kandamiza kwa kidole gumba. Bati likibonyea au likilia kama biskuti kavu, ujue maji yamekuwa yakiingia humo kwa miaka. Yameshuka kwenye buti, yametafuna sakafu yake, na huenda yamefika kwenye chesisi. Injini iliyokufa hutengenezeka. Kutu ndiyo inayomaliza hela za mtu na hamu yake.

Nafanya kazi hii Ohio, jimbo ambalo kila majira ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, kwa hiyo kutu naijua vizuri. Naandika kwa ajili ya ndugu zetu walioko huku Marekani wanaoniuliza waanzie wapi, na kwa fundi yeyote anayeifahamu Toyota ndani nje lakini hajawahi kushika V8 ya Kimarekani, yaani injini ya silinda nane. Nimechagua Chevelle ya miaka hiyo mitano kwa sababu chesisi yake imetengana na bodi, vipuri vyake karibu vyote bado vinatengenezwa upya, na V8 yake ndogo ya inchi za ujazo 350 ni injini ya kujifunzia: nafasi ya mikono ipo, na kila kitu kinaonekana.

Magari haya ya misuli, kama Wamarekani wenyewe wanavyoyaita, yalishika kasi mwaka 1964, Pontiac ilipochukua gari la ukubwa wa kati na kulitia injini ya inchi za ujazo 389, likaitwa GTO. Chevrolet ikajibu kwa Chevelle SS 396 (SS ni Super Sport, toleo la nguvu zaidi). Mwaka 1970 ikatoa injini ya 454 iliyoitwa LS6, iliyotangazwa kuwa na nguvu farasi 450. Mwaka uliofuata mgandamizo wa injini ulishushwa ili zitumie petroli yenye madini kidogo ya risasi. Ndiyo maana SS ya 1970 ina bei kali, na ndiyo maana inaghushiwa sana.

Kabla hujatoa hela

Nenda na tochi, bisibisi kuukuu na sumaku ndogo ya kubandika kwenye friji. Pitisha sumaku sehemu ya chini ya fenda nyuma ya tairi la mbele, kwenye mabati ya ubavu wa nyuma, na chini ya milango. Ikishindwa kushika, hapo pana puti nene, na chini ya puti huenda hakuna bati. Nyanyua kapeti uangalie sakafu miguuni pa dereva. Lala chini uchunguze chesisi, hasa pale inapopinda kupita juu ya ekseli ya nyuma na sehemu inayoendelea baada ya tairi. Gonga kwa mpini wa bisibisi na usikilize. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinajibu kwa mtutumo mzito. Gari lenye paa la vinaili litazame mara mbili, kwa sababu vinaili hushika maji kama sponji.

Gari kutoka Arizona au New Mexico, hata kama viti vimechanika na rangi imechomwa na jua, nalinunua kabla ya gari la Michigan linalong'aa. Viti hushonwa. Chesisi iliyooza ni habari nyingine.

Sasa namba. Namba ya utambulisho wa gari, ambayo sisi tumezoea kuiita namba ya chesisi, iko juu ya dashibodi upande wa dereva, inasomeka kupitia kioo cha mbele. Kwa 1968, SS 396 ilikuwa modeli inayojitegemea, na namba yake inaanza na 138. Kuanzia 1969 SS ikawa kifurushi cha ziada, hasa juu ya Malibu, ile Chevelle ya kawaida, kwa hiyo namba ya 136 haiwezi kukuambia kama gari ni SS au Malibu ya kawaida iliyobandikwa nembo. Mwaka 1972 herufi ya tano inataja injini, na W maana yake ni 454. Kwa 1969 hadi 1971 ushahidi mzuri ni karatasi ya kiwandani iliyotumika wakati gari linaunganishwa, na mara nyingi karatasi hiyo ilibaki juu ya tangi la mafuta, imebanwa kati ya tangi na sakafu ya buti. Muuzaji akidai gari ni SS halisi bila karatasi yoyote, lipia Malibu.

Linganisha pia namba iliyogongwa kwenye injini. Iko kwenye kibao kidogo cha silinda bloku, mbele ya silinda hedi ya upande wa abiria. Nitarudi kwenye kibao hicho, kwa sababu kiliwahi kuniumiza.

Spana za inchi

Spana zako za namba 10, 12 na 14 ziache kwenye boksi. Chevelle yote imefungwa kwa nati za inchi. Nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 itaingia na itaonekana inafaa, lakini ile nafasi ndogo inatosha kumomonyoa pembe za kichwa cha bolti iliyoganda kwa miaka hamsini. Nunua seti ya inchi kuanzia 1/4 hadi 1, na utakachoshika kila siku ni 7/16, 1/2, 9/16 na 5/8. Ongeza spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), mashine ya kuchomelea ya MIG inayotumia waya wa milimita 0.6, stendi imara za kuegemeza gari, na kizima moto. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Kubomoa bila kupoteza

Piga picha kabla ya kugusa, kisha piga tena baada ya kufungua. Kila bolti iingie kwenye mfuko wake, na mfuko uandikwe ilikotoka, si "bolti za mbele" bali "bawaba ya juu, mlango wa dereva". Leo unakumbuka. Baada ya miezi kumi na nne hutakumbuka.

Bolti iliyogoma usiishindanie nguvu. Ipulizie mafuta ya kupenya jioni, irudie asubuhi, kisha ipashe moto na uijaribu kuikaza kidogo kabla ya kuilegeza. Bolti zinazoshika bodi kwenye chesisi ni mtihani wa peke yake, maana nati zake zimefungiwa ndani ya vijumba vya bati kwenye sakafu. Kijumba kikiwa kimeoza, nati inazunguka pamoja na bolti, na hapo inabidi utoboe dirisha dogo sakafuni uishike nati kwa juu.

Tangi la mafuta lishushe polepole, likiwa tupu, mikono miwili chini yake. Kama ile karatasi ya kiwandani ipo, itakuwa imekauka kama jani la mgomba. Usiikunjue pale pale. Iweke bapa kati ya makatoni mawili kwanza.

Bati na chesisi

Wengi hukosea mpangilio hapa. Wanavua bodi kwenye chesisi, wanaiweka juu ya mapipa, halafu ndipo wanakata sakafu iliyooza. Bodi isiyo na sakafu na isiyo na chesisi chini yake inajipinda yenyewe kwa uzito wake, na milango haitafunga tena sawasawa. Chomelea sakafu bodi ikiwa bado imefungwa kwenye chesisi, milango ikiwa mahali pake. Bodi ya gari la wazi itie vyuma vya kuishikilia kwenye nafasi ya milango kabla ya kukata chochote. Baada ya sakafu kuwa nzima, ndipo unanyanyua.

Kabla ya kukata, pima mshazari wa nafasi ya mlango kutoka kona hadi kona, uandike kwa kalamu ukutani. Pima tena baada ya kila kipande. Bati jipya lishike kwanza kwa skrubu, funga mlango, tazama upenyo kati ya mlango na fenda. Upenyo ukiwa sawa kuanzia juu hadi chini, ndipo uwashe mashine.

Bati la bodi lina unene wa karibu milimita moja, na joto ndilo adui yake. Weka tone moja, ruka sentimita tano, weka jingine, nenda upande wa pili, ngoja. Ukiweza kugusa tone la kwanza kwa mkono bila kuungua, rudi. Ukichomelea mstari mrefu kwa mfululizo, bati litafanya mawimbi ambayo puti yoyote haitayaficha. Pale ambapo mabati mawili yanalaliana, toboa matundu ya milimita 8 kwenye bati la juu na uyajaze, ufanane na matone ya kiwandani. Na kabla ya kulaza bati juu ya bati, paka sehemu zote mbili praima ya kuchomelea, kwa sababu pale katikati hutafika tena maishani.

Kona ya kioo cha nyuma tuliyoanza nayo: ondoa kioo chote. Usijaribu kuziba kwa juu. Utakuta vijiti vidogo vilivyokuwa vinashika vishikizo vya urembo, na kila kijiti kimezungukwa na pete ya kutu. Kata mfereji mzima mpaka ufike kwenye bati linalong'aa, chomelea kipande kipya, kiweke praima ya epoksi, kisha ziba maungio kwa sili. Mimina maji kwa jagi, ukae ndani ya buti na tochi. Maji yasipoonekana baada ya dakika kumi, hapo umemaliza.

Chesisi yenyewe, ikishavuliwa bodi, ipigwe mchanga ibaki chuma kitupu, ikaguliwe nyufa, iwekwe epoksi na rangi. Vitakia vya mpira vya bodi weka vipya vyote. Bushi za mikono ya saspensheni ya mbele pia, na bolijointi.

Breki

Breki ziwe tayari kabla injini haijawashwa, na hapa sina mjadala. Chevelle nyingi zilitoka na dramu pande zote nne. Vumbi la breki shuu za zamani lina asbesto, kwa hiyo usilipulize kwa upepo; lilowanishe kwa maji ya sabuni, lifute kwa kitambaa na ukitupe kikiwa ndani ya mfuko uliofungwa.

Mabomba yote ya chuma badilisha, hata yale yanayoonekana mazima. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na unyevu huo umekuwa ukila bomba kutoka ndani kwa nusu karne. Badilisha na mipira mitatu, silinda za magurudumu na masta silinda. Gari lililotoka na dramu, nashauri litiwe diski mbele. Seti za kubadilishia zipo, zinafunga bila kukata chochote, na vipuri vya zamani unaweza kuvihifadhi kwa atakayelitaka gari kama lilivyotoka kiwandani. Gari lenye uzito zaidi ya kilo 1,500 na V8 yenye afya linahitaji kusimama mara ya tano kama lilivyosimama mara ya kwanza.

Injini

Kabla ya kushusha injini, pima mgandamizo wa kila silinda ikiwa bado inazunguka. Silinda ya chini kabisa isiwe pungufu ya asilimia 75 ya ile ya juu kabisa. Ukiona moja imelala, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ringi za pistoni zimekwisha. Isipopanda, tazama valvu au gasketi.

Injini ikifunguliwa, bloku ipelekwe kwa wachongaji wapime silinda. Kipenyo cha asili cha 350 ni inchi 4.00. Kutanua kwa inchi 0.030 ni kawaida, inchi 0.060 ni mwisho, na hata hapo bloku zingine huanza kupata joto. Krenki isafishwe kwa kusaga inchi 0.010 na iwekewe beringi za saizi hiyo.

Sasa kile kibao. Miaka kadhaa iliyopita nilipeleka bloku ya mteja kwenye karakana moja ya kuchonga. Ilikuwa injini halisi ya gari lake, namba zinalingana. Nilisema kwa mdomo wasiguse kibao, sikuandika kwenye karatasi ya kazi. Fundi aliyepokea hakuwa ndiye aliyechonga. Niliporudi, uso wa juu wa bloku ulikuwa umesawazishwa wote, na pale palipokuwa na herufi na namba, chuma kilikuwa kinang'aa kama kioo. Kazi yenyewe ilikuwa safi kabisa. Lakini ushahidi wa miaka hamsini ulikuwa umeondoka kwa unene wa ukucha, na hakuna njia halali ya kuurudisha. Kwa hiyo: piga picha ya kibao karibu, funika kwa mkanda, na andika kwa herufi kubwa kwenye risiti kwamba kisikatwe.

Silinda hedi za kabla ya 1971 zilitegemea risasi iliyokuwa kwenye petroli kulinda viti vya valvu za kutolea moshi. Risasi haipo tena. Kwa kuwa hedi zimeshafunguliwa, weka viti vilivyokomazwa.

Wakati wa kufunga, ringi ya juu iwe na mwanya wa inchi 0.016, karibu milimita 0.4, ukiipima ikiwa ndani ya silinda. Bolti za beringi kubwa kaza kwa Nm 95, za konrodi zenye bolti nene ya 3/8 kwa Nm 61, na za silinda hedi kwa Nm 88, zote kwa hatua tatu, ukianzia katikati kwenda nje. Bolti za hedi za injini hii zinaingia hadi kwenye njia ya maji. Usipozipaka sili kwenye meno, maji yatapanda kupitia uzi wa bolti, na utadhani gasketi imekufa.

Mpangilio wa kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda 1, 3, 5, 7 ziko upande wa dereva, na rota ya distributa inazunguka kama saa. Waya wa plagi namba 5 na 7 usiuache ulalane sambamba, kwa sababu silinda hizo zinafuatana kuwaka na umeme unaweza kurukia.

Kemshafti mpya, ile shafti yenye nundu zinazofungua valvu, inahitaji uangalifu kuliko kitu chochote kingine. Injini hizi zina tapeti bapa, ambazo hukwaruza moja kwa moja juu ya kemshafti, na oili za siku hizi zina zinki kidogo kuliko zile za zamani. Tapeti ambayo haikuzoeana na kemshafti ndani ya dakika za kwanza inailamba mpaka nundu yake iwe duara, na vumbi la chuma linaenda kwenye beringi zote. Fuata hivi:

1. Paka kila nundu na kila uso wa tapeti mafuta mazito ya kufungia kemshafti.
2. Jaza oili ya kuanzia yenye zinki nyingi.
3. Kabla ya kutia distributa, zungusha pampu ya oili kwa drili na kijiti chake, kwa mwelekeo wa saa, mpaka oili itoke juu kwenye roka zote.
4. Jaza kabureta mafuta, weka taiming kwa mkono, ili injini iwake mara moja bila kuzungushwa sana na stata.
5. Ikiwaka tu, ipandishe hadi mizunguko 2,000 kwa dakika, na ukae kati ya 2,000 na 2,500 kwa dakika 20. Usiiache ikae sailensa, yaani iungurume taratibu bila kukanyagwa mafuta. Oili inayolowesha kemshafti hurushwa na krenki, na krenki ikienda polepole, nundu zinakauka.

Mimi hufanya hatua hizi chesisi ikiwa wazi, bila bodi, rejeta ikiwa imefungwa. Uvujaji wowote unauona pale pale, na hakuna rangi ya kuchafua.

Umeme na mafuta

Waya za zamani zimekauka, na plastiki yake inapasuka ukiipinda. Nunua seti nzima mpya iliyotengenezwa kwa mwaka wa gari lako; kuunga vipande ni kualika moto. Nyaya za ethi kati ya injini, chesisi na bodi zirudishwe zote, kwenye chuma kilichosuguliwa, maana rangi mpya haipitishi umeme.

Distributa ya Delco ina kidirisha kwenye kifuniko. Injini ikiwa inaunguruma taratibu, ingiza spana ya pembe sita ya inchi 1/8, zungusha kama saa mpaka injini ianze kukosa kuwaka sawasawa, kisha rudisha nusu mzunguko. Pointi, zile zinazokata umeme wa plagi, zimekaa sawa. Sijui gari jingine linalokuruhusu hivyo kirahisi.

Petroli ya Marekani leo ina ethanoli, na ethanoli inalainisha mipira ya zamani. Badilisha mipira yote ya mafuta kuanzia tangi hadi pampu. Kabureta ya Rochester Quadrajet, ukiifungua, angalia vizibo vilivyo chini ya bakuli lake. Vikivuja, gari litakuwa gumu kuwaka kila likilala, na dawa yake ni kupaka epoksi inayostahimili petroli.

Rangi

Epoksi kwenye chuma kitupu, puti juu ya epoksi, isizidi milimita 3. Sugua kwa ubao mrefu wa msasa, usitumie kiganja, ukianza na 80, kisha 180, 320 na kumalizia 600. Nyunyizia vumbi jeusi jembamba kabla ya kusugua. Pale linapobaki pana bonde, pale linapotoka mapema pana kilima. Rangi na praima za zamani zinaweza kuwa na risasi, kwa hiyo sugua kwa maji na uvae barakoa. Rangi za kisasa zenye kichocheo hutoa aisosaineti, na barakoa ya kawaida haitoshi. Inatakiwa ile inayoletewa hewa safi kwa mpira. Kama huna, pulizia praima mwenyewe na rangi ya mwisho mpe mwenye chumba cha rangi.

Barabarani

Safari ya kwanza iwe mtaani, mwendo wa polepole, ukijaribu breki kila mita hamsini. Rudi, gusa kila dramu au diski. Inayochoma kuliko wenzake inashika. Kaza nati za magurudumu upya, na bolti za bodi kwenye chesisi baada ya wiki, kwa sababu mpira mpya hukaa.

Oili ya kuanzia iondoe mara baada ya zile dakika 20, na inayofuata baada ya kilomita 800. Kila mara kata chujio kwa mkasi wa bati, toa karatasi yake ya ndani, ikunjue juani na upitishe sumaku juu yake. Vumbi jembamba la kijivu kwenye chujio la kwanza ni kawaida. Chembe zinazometa kwenye chujio la pili, vua kifuniko cha roka siku hiyo hiyo, zungusha injini kwa mkono na upime kila valvu inapanda kiasi gani. Inayopanda pungufu ya wenzake ndiyo iliyolambwa.